Nyumba ya Baba Iliyouzwa Bila Mimi

12 Aprili

Nimerudi sokoni leo nikamkuta mwanamume amechuchumaa kwenye korido ya nyumba yetu, anavuta utepe wa kupimia kutoka mlango wa chumba changu mpaka mlango wa Lamidi. Nikamwuliza, "We baba, unapima nini?" Hata kuniangalia hakuniangalia. Akasema, "Sogeza hilo beseni, mama, nipate kona." Nikamwambia beseni halisogei mpaka anijibu. Ndipo akanyanyua macho, akaniambia kwa sauti ya kumwambia mgonjwa, kwamba yeye ni mpimaji wa ardhi, ametumwa na mama aliyenunua nyumba.

"Nyumba ipi?"

"Hii hapa."

 Beseni nililolibeba lilinitoka mikononi, unga wa viazi vikuu niliokuwa nimeusaga jana wote ukaenda sakafuni, mpimaji akaanza kukohoa. Sikuokota kitu. Nilikwenda moja kwa moja barazani alikokaa Lamidi anatafuna karanga.

Lamidi ni mdogo wangu aliyenifuata. Baba mmoja, mama mmoja.

"Dada, nilikuwa nataka kukuambia," akaanza.

"Ungeniambia lini? Godoro langu likishawekwa barabarani?"

"Lilikuwa jambo la wanaume wa familia. Baba Mdogo Salawu alikuwepo, Rafiu alikuwepo. Kokwa ya kola ilivunjwa kimila, dua ikasomwa, kila mtu akatia sahihi. Kitu safi kabisa. Na wewe, Dada, usikasirike, lakini wewe ulishaolewa. Nyumba ya mwanamke ni kwa mumewe."

Mume wangu yumo kaburini mwaka wa sita huu. Ndugu zake waliponitoa kule, aliyekuja kunibebea masanduku ni huyu huyu Lamidi. Leo ananiambia nina nyumba ya mume! Nilimtukana hadi watu wakasimama njiani. Matusi mengine niliyameza, maana nikimtukana mama yake nimemtukana mama yangu.

13 Aprili

Mvua ya kwanza ya maana. 

15 Aprili

Nimenunua kopo la rangi nyekundu na brashi, nikaandika kwenye ukuta wa mbele herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. JIHADHARI NA MATAPELI. Hapa Ibadan kila mtaa una ukuta wa namna hiyo, ila sikudhani siku moja nitashika brashi mimi.

Mama Oyin, anayepika amala, ugali wa viazi vikuu, mkabala na kwetu na ndiye mteja wangu mkubwa wa unga, alitoka na mwiko mkononi kuja kusoma.

"Mama Kudi, mbona hujaandika jina la tapeli?"

"Nafasi haitoshi."

"Nafasi ipo. Andika hapo chini, 'anaishi chumba cha pili kushoto.'"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Lamidi alipita na mwavuli wake, akasoma, akaingia ndani bila neno. Angalau angepiga kelele! Mtu akikaa kimya hivyo, ujue pesa ameshazipokea.

21 Aprili

Mnunuzi amekuja. Anaitwa Bibi Ojelabi, mwalimu mstaafu, miwani ya kamba shingoni na mkoba mweusi ameukumbatia. Alisimama mbele ya maandishi yangu akayasoma mpaka mwisho, kama anayesahihisha. Nilimchukia kuanzia kwenye viatu.

"Nani ameandika hivi?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni Alhaji Lamidi. Nimeshamlipa nusu, nusu nyingine siku nikihamia."

"Alhaji wa wapi? Huyo Maka ameiona kwenye kalenda!"

Akafungua mkoba, akatoa mkataba. Sahihi ya Lamidi. Sahihi ya Rafiu, ambaye ni mtoto wa mke wa pili wa baba. Dole gumba la Baba Mdogo Salawu. Akaniambia alifuata mila zote, alileta kola, alileta kinywaji, alipiga magoti mbele ya wazee. Nikamwuliza kama alikuwa na wakili. Akasema hapana. Dalali je? Hapana vilevile.

"Dalali anataka asilimia kumi, wakili naye asilimia yake. Alhaji akaniambia, mwalimu, sisi watu wazima, kwa nini tuwanenepeshe watu baki? Tuelewane wenyewe."

"Basi mkaelewana! Sasa nenda mkaelewane huko huko, hapa usikanyage."

Alirudisha karatasi zake mkobani moja moja, taratibu, akaenda. Nikasimama barazani namtazama anavyokwenda. Mtu amesoma hadi kufundisha wenzake, ananunua nyumba kama anayenunua kuku gulioni. Na mimi ndiye nilale nje kwa ajili hiyo? Thubutu!

30 Aprili

Mvua siku nzima. Viazi nilivyoanika vimeota ukungu, nimevimwaga.

6 Mei

Rafiu amekuja jioni kabla ya magharibi, amebeba mkate na maziwa ya kopo, zawadi za mtu mwenye hatia. Amekaa kule uani, pembezoni mwa kaburi la mama yangu. Mama tulimzika hapo, kama walivyozikwa wote wa nyumba hii, na juu ya saruji ya kaburi lake ndiko ninakoanika viazi jua likiwapo, maana inashika joto. Mwenyewe alikuwa akianika juu ya kaburi la bibi.

"Dada Awero, Wallahi mimi nilijua umeambiwa."

"Nani aliniambia?"

"Kaka Lamidi alisema, Dada amekubali, ila hawezi kuja kikaoni, ana kazi ya unga."

"Ukaamini."

"Ni kaka. Mkubwa akisema, mimi niseme nini?"

Amekiri kapewa kidogo, amelipia ada za watoto. Nilitaka kumrushia ule mkate wake. Lakini Rafiu ana sura ya baba, na anapoona haya anakuna sikio kama baba. Nimemwambia aondoke kabla sijasahau kwamba amekuja kwa hiari yake. Mkate nimeula peke yangu, kwa hasira, wote.

11 Mei

Mama Oyin ndiye aliyenisukuma kwenda kwa wakili. "Rangi haijawahi kushinda kesi," aliniambia. "Nenda kwa Wakili Morenike, yule anayekula kwangu kila Ijumaa. Mwambie nimekutuma mimi, ataogopa kukulipisha sana."

Ofisi iko juu ya duka la vitambaa. Wakili ni mwanamke mnene, anaongea haraka, na huku unaongea anakula korosho. Nikamweleza. Akauliza kama baba aliacha wosia. Hakuacha.

"Basi hiyo nyumba si ya Lamidi. Si yako wewe, si ya Rafiu. Ni ya watoto wote wa baba yenu kwa pamoja, na itabaki hivyo mpaka siku mkae mgawane. Ikiuzwa, lazima kiongozi wa familia atie sahihi, na watoto wa kila mama wawe na mtu wao wa kukubali. Huyo baba mdogo hata haingii hapo. Nyumba aliijenga kaka yake, si baba yake. Dole lake halina kazi. Sasa niambie, kiongozi wenu ni nani? Mtoto mkubwa wa marehemu?"

"Lamidi," nikasema.

"Amekuzidi miaka mingapi?"

"Hajanizidi. Mimi ndiye mkubwa. Huyo nimembeba mgongoni."

Akaacha kutafuna. "Sasa mbona unaniambia Lamidi?"

 Akaegemea meza.

"Mama, nisikilize vizuri. Sisi Wayoruba mila yetu haikusema mtoto wa kiume wa kwanza. Ilisema mtoto wa kwanza. Mahakama zilishalikubali hilo tangu enzi za Waingereza. Kichwa cha nyumba ile ni wewe. Ungeiuza wewe bila kuwauliza wenzako, tungesema mauzo yana kasoro, wakitaka wayatengue. Lakini wao wameuza bila wewe. Hayo si mauzo kabisa. Hakuna kilichouzwa."

Watu watadhani nilitoka pale nafurahi. Nilitoka nimefura. Tangu baba afe, kila kikao cha familia mimi nimekuwa jikoni na mwiko, nakoroga amala na jasho linanitiririka, na Lamidi amekalia kiti cha baba anasema "sisi wazee tumeamua". Nimewapelekea maji ya kunawa. Nimepiga goti nikiyapeleka! Mimi ndiye niliyekuwa na neno, nami nikawa nauliza kama mchuzi umetosha chumvi. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, magari yananipigia honi, sikuyasikia.

12 Mei

Nimemwambia Lamidi. Amecheka mpaka akajishika mbavu.

"Kichwa cha familia? Kichwa chenyewe kimefungwa kilemba!"

"Cheka. Utapokea barua ya wakili."

"Dada, utatufanya kichekesho mjini. Nani atakaa kikao kinachoongozwa na muuza unga?"

"Wewe. Na utakaa chini."

29 Mei

Barua ya wakili imemfikia, na nakala kwa mwalimu. Lamidi hajalala nyumbani tangu juzi. Paa limetoboka juu ya kitanda changu, nimeweka ndoo.

8 Juni

Sasa najua pesa zilipokwenda. Lamidi alinunua gari kuukuu la teksi, akalipaka rangi, akampa shemeji yake alifanye kazi. Injini ilikufa wiki ya pili. Gari liko gereji, kuku wanatagia ndani. Kilichobaki amekimaliza kwa sherehe ya kumpa mtoto wake jina, spika mbili barabarani na ng'ombe mzima. Nami nilikuwepo kwenye sherehe hiyo! Nilipika. Nilikula ile nyama na kumsifu mdogo wangu kwa moyo mkunjufu, kumbe nakula ukuta wa chumba changu.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo. Mimi changu nilikifulia hizo nguo.

19 Juni

Naandika haya na sijui nimkasirikie nani tena.

Leo mvua ilinyesha kwa upepo, ile inayokuja ubavuni. Nilikuwa uani nikikimbiza viazi ndani, nikamwona mtu ameketi juu ya kaburi la mama, mvua inampiga, mwavuli umepinduka. Alikuwa Mwalimu Ojelabi. Nilifungua mdomo nimfukuze. Viatu vyake vilikuwa vimeachia soli, na alikuwa amevishika mkononi.

"Umekaa juu ya mama yangu," nikamwambia.

Aliruka. Akaanza kupapasa saruji kwa kiganja, anaomba radhi, mama nisamehe, mama nisamehe, na hamwombi mtu mwingine ila yule aliye chini. Nikamwambia aingie ndani kabla hajafa kwangu nikawa na kesi mbili.

Nikampa kitambaa na uji wa mahindi. Akashika kikombe kwa mikono miwili. Nikamwuliza kilichomleta. Akasema amempelekea barua yangu mtoto wa dada yake anayesoma sheria, naye akamwambia ukweli: hana nyumba, ana madai tu dhidi ya Lamidi, na Lamidi hana kitu.

"Nilitaka tu niione mara moja zaidi," akasema. "Nilishapanga pa kuweka kitanda."

"Huna pengine pa kukaa?"

"Nimepanga chumba. Kodi inaisha mwezi ujao. Mume wangu alikuwa na watoto wa nje. Alipokufa wakaja na mnunuzi, wakaniambia mimi sikuzaa, sina changu. Nilikaa na baba yao katika nyumba ile miaka yote, mama. Nikangoja kiinua mgongo changu. Unajua walivyotuzungusha? Leo njoo uhakikiwe, kesho njoo uthibitishe kwamba hujafa. Kilipotoka nikasema, nanunua nyumba, mtu asinitoe tena."

Hapo ningelia naye. Badala yake nilipandwa na ghadhabu mpya.

"Wewe yamekukuta hayo! Wewe mwenyewe! Halafu unakuja hapa unapiga magoti mbele ya wanaume watatu, huulizi kama nyumba hii ina mwanamke ndani?"

"Sikuuliza."

"Hukuniona?"

"Nilikuona. Siku ya kwanza ulikuwa unaanika viazi. Nilidhani mpangaji."

 Mvua ikawa inapiga bati. Nimemmiminia uji mwingine bila kumwuliza.

20 Juni

Mpangaji!

27 Juni

Nimerudi kwa Wakili Morenike. Nikamwambia, sawa, nimeshinda, sasa yule mwalimu atakuwaje? Akaniangalia juu ya korosho zake.

"Wewe ni mteja wangu, yeye si mteja wangu. Siwezi kukalia viti viwili. Amtafute wakili wake."

"Nimekuuliza wewe."

Akapumua. Akasema ziko njia mbili. Ya kwanza, mahakamani. Mauzo yatafutwa, mwalimu atamdai Lamidi, na kesi itakwenda mpaka mmoja wao afe. Njia ya pili, familia ikae igawane nyumba rasmi, kila mtu apate sehemu yake kwa hati yake. Sehemu ya Lamidi ikishakuwa yake peke yake, anaweza kumpa mwalimu badala ya ile nusu aliyoila. "Lakini Lamidi lazima akubali na atie sahihi mwenyewe. Na usiniambie mtaelewana wenyewe. Mpimaji aje, hati ziandikwe, zisajiliwe ofisi ya ardhi."

"Atakubali vipi?"

"Mwalimu akienda polisi kuripoti kwamba aliuziwa kisichouzika, Lamidi atakuwa na mambo mengi ya kufikiria."

5 Julai

Mwalimu ameripoti, na polisi wamemchukua Lamidi asubuhi, wamemwachia jioni kwa dhamana ya Baba Mdogo. Amerudi akiwa hana kofia. Nimesikia analia chumbani. Nimekaa kitandani kwangu na masikio yamenisimama, na moyo unauma. Huyu nilimfundisha kutembea kwenye korido hii hii.

Halafu nikakumbuka nina ndoo juu ya kitanda, na hasira ikarudi mahali pake.

13 Julai

Kikao. Nitaandika chote.

Walikuja Baba Mdogo Salawu, Rafiu na dada yake Muyibat kutoka tumbo la mke wa pili, Lamidi, mimi. Mwalimu alikaa barazani na wakili wake kijana, maana hakuwa wa familia. Wakili Morenike aliketi pembeni na mafaili. Sikuingia jikoni. Nilimlipa Mama Oyin alete chakula, akaleta, akagoma kuondoka, akasimama mlangoni anajidai anafuta sahani.

Nikakalia kiti cha baba. Baba Mdogo akakohoa. Nikamwambia, "Koo likikuuma, baba, maji yapo."

Lamidi akaomba neno. Akapiga goti, lo, Lamidi! Akaanza kwa sauti ya asali. "Dada, nimekosa. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye mama yetu sasa. Nakuomba kitu kimoja. Tia sahihi. Mauzo yasimame. Mwalimu atamalizia ile nusu iliyobaki, tutagawana, kila mtu ataondoka na chake. Polisi wataniacha. Aibu itafunikwa. Nawe utapanga chumba kizuri, kisichovuja."

Nikamtazama Rafiu. Aliinamisha kichwa, lakini nikaona anapiga hesabu. Hata Muyibat. Nyumba yenyewe ya udongo, bati limeoza, nani asingependa pesa mkononi? Kwa muda kidogo hata mimi nilikiona hicho chumba kisichovuja.

Nikasema hapana. Nyumba haiuzwi. Itagawanywa, na sehemu ya Lamidi itakwenda kwa mwalimu.

Hapo Baba Mdogo akapata sauti yake. "Awero, mwanangu, umekalia kiti lakini mila huijui. Sisi tunagawa kwa matumbo. Tumbo la mama yako upande wa kulia, tumbo la mama Rafiu upande wa kushoto. Ukishafika kwenye tumbo, umefika mwisho. Watoto wa mama mmoja hawachorwi mstari katikati. Tumbo lililokula ndilo lilipe, zima. Upande wenu wote uende kwa mwalimu, chumba chako kikiwemo, na wewe na ndugu yako mkatafute pengine mkiwa pamoja. Au utie sahihi kama alivyokuomba. La tatu hakuna."

Na hiyo ni kweli. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Watoto wa mke mwenza waweza kugawana nao, kuwashtaki, kuwanunia. Lakini mliotoka tumbo moja ni mtu mmoja. Ukijitenga na ndugu yako wa tumbo mbele ya wale wengine, umemvua mama yako nguo. Lamidi aliliona hilo likinifika, akasogea kwa magoti.

"Dada. Utanigawa mimi na wewe? Mbele ya watoto wa mama mwingine? Mama yupo hapo uani anakusikia."

"Anasikia," nikasema. "Alisikia pia ulipomwuza."

Mama Oyin akaacha kufuta sahani.

"Kaburi lilikuwemo kwenye ramani, Lamidi. Nimemwuliza mpimaji. Uliuza mpaka ukuta wa nyuma. Ulimuuzia mtu mama, nami ndani yake, na kuku wangu, kisha ukala ng'ombe. Hukulikumbuka tumbo siku hiyo. Leo polisi wamekushika ndipo tumbo limekuwa moja?"

"Dada..."

"Mkubwa ni mimi. Mstari nauchora mimi. Chumba chako, ghala lako na baraza ya mbele, ni vya mwalimu. Chumba changu na ua wenye kaburi ni vyangu. Upande wa kushoto, Rafiu na Muyibat wagawane wakitaka, wasipotaka wakae vivyo hivyo. Rafiu, ulichopewa utamrudishia mwalimu kidogo kidogo."

"Nitarudisha, Dada," Rafiu akasema, na sikio anakuna.

Baba Mdogo akasimama, akasema hajapata kusikia jambo kama hili, watu watasema nini. Nikamwambia watu waseme, mimi nimeshazoea kuambiwa na wapimaji habari za nyumba yangu.

Nimeandika kwa ujasiri, lakini Lamidi alipotoka alipita karibu yangu na kanzu yake ikanigusa goti. Baada ya wote kuondoka nilikaa uani na mama mpaka giza likaingia.

14 Julai

Mvua. Sikuuza.

26 Julai

Tumetia sahihi ofisini kwa wakili. Wa kwanza mimi. Lamidi alishika kalamu muda mrefu, wakili wa mwalimu akatazama saa, Lamidi akaandika. Mwalimu alisoma kila ukurasa, kila neno, kidole kikifuata mstari, akauliza maswali mpaka Wakili Morenike akamaliza korosho. Mwalimu akamwuliza Muyibat mbele ya wote, "Na wewe, mama, umekubali?" Muyibat akashtuka kuulizwa. Akasema amekubali.

Kutoka pale wakili akatupeleka mwenyewe ofisi ya ardhi. Karani akatuambia turudi Alhamisi. Nilimwambia tutalala hapo hapo. Akapokea hati.

2 Agosti

Mvua zimepumzika, kama kawaida ya Agosti. Mwalimu amehamia jana na kitanda kimoja, vitabu vingi, na jiko la mafuta linalonuka. Amenigongea asubuhi kuniuliza kama anaruhusiwa kupita uani kuchota maji. Nikamwambia apite, ila asikae mahali bila kuuliza pana nani.

Lamidi amekuja mchana kuchukua godoro lake. Mkewe alibaki kwenye gari la kukodi, hakunisalimu. Lamidi alibeba godoro kichwani mwenyewe, akafika usawa wa mlango wangu, akasimama. Jasho lilikuwa linamtoka. Kwa mazoea nilitaka kunyanyuka nimshikie upande mmoja. Sikunyanyuka.

Akasema, bila kugeuka, "Wewe huna mume, huna mtoto wa kiume, binti yako Kudi yuko mbali. Sasa huna na ndugu. Ukifa, Awero, nani atakuzika?"

Ameniita Awero. Hajapata kuniita hivyo tangu alipojua kusema.

Akaondoka na godoro lake. Nimekaa na hilo swali tangu mchana, nimemenya viazi nalo, nimevianika nalo, na limeniuma kweli kweli. Atakayenizika simjui. Lakini pa kunizika napajua, ni kule uani ubavuni mwa mama, na hati ya pale ina jina langu.